Kitanda ama Mlango

Jumatano, tarehe kumi na sita Aprili. Asubuhi jua lilichoma vibaya, saa nane mvua ikapiga mabati kwa dakika kumi tu, kisha ikaacha, na vumbi la mtaa wetu wa Hai Mauna, hapa Juba, halikulala hata kidogo. Naanza na tarehe kwa sababu Mkenya mmoja aliyetufundisha watu wazima kusoma nyuma ya kanisa alituambia hivyo: ukiandika mambo yako, andika kwanza siku na hali ya hewa, ili ukianza kudanganya angalau kitu kimoja kwenye ukurasa kiwe kweli. Alicheka aliposema, nasi tukacheka. Leo sicheki.

Jumapili tulikuwa msibani mtaa wa Lemon Gaba. Aliyekufa ni Jada, mtu ambaye miaka yote hii nimekuwa nikimtaja hapa nyumbani kama "yule mzee niliyemjua bandarini," na hilo si uongo, ila ni kipande tu. Ugonjwa wa sukari ulimla mguu mmoja, kisha figo, kisha yeye mwenyewe. Nilikwenda na Kiden, maana Kiden hakubali niende msibani peke yangu. Tumekaa ua mmoja yeye na mimi tangu binti yake Poni alipokuwa wa kubebwa mgongoni, na leo Poni anafanya kazi hotelini na ana simu mbili. Wanawake tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai. Chai ilikuwa ya rangi, yenye tangawizi na sukari nyingi, na mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Sukari imemwua mtu na bado wanatumwagia sukari," wakacheka wameziba midomo. Kisha tukaitwa ndani wawili wawili kumpa mjane pole. Chumba kilikuwa kidogo, na kalenda ya kanisa ukutani, na redio iliyofunikwa kitambaa. Kati ya sebule na chumba cha kulala palikuwa na mlango wa mbao wa rangi ya buluu, umekatwa chini ili utoshe, umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Upande wake wa ndani palikuwa na vizibo tisa vya soda, vimepigiliwa kwa misumari katika mstari usionyooka. Kiden alisimama mbele yake. Akavigusa kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka cha tisa. Kisha akampa mjane mkono, akasema pole, akatoka nje.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake bila kuvua kitambaa cha kichwa, akasema, "Kumbe ni huyu."

Nikamwuliza, "Huyu nani?"

"Mwizi aliyemwibia mama yangu. Nimekunywa chai ya msiba wake, Keji! Nimemwambia mke wake pole kwa mdomo wangu huu." Akatema mate upande. "Mungu asimpe tone la maji huko aliko. Na wewe masikini, miaka yote ulikuwa unamsalimia bila kujua."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta viberiti. Siku tatu sasa Kiden anamlaani Jada, asubuhi akifagia na jioni akiosha vyombo, na kila anapomlaani mimi nanyamaza, na kila ninaponyamaza maiti yule anabeba kitu ambacho si chake. Ndiyo sababu naandika. Nataka kwanza nione kama naweza kulisema jambo hili moja kwa moja kwenye karatasi, kabla sijalisema kwa mtu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi kutoka Uganda. Habari za kwetu siziandiki hapa, kwa sababu hazibadilishi nilichofanya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yangu ilikuwa kuvusha mboga kwa mtumbwi kutoka mashamba ya kisiwani kuja mjini, nikisukuma kwa upondo, kwa hiyo mto niliujua kwa mikono. Halafu taifodi ikanishika karibu miezi miwili. Nilipopona nilikuwa mrefu, mkavu, kichwa kitupu kama yai maana nywele zote zilianguka, na nguo pekee iliyonikinga baridi ilikuwa koti kuukuu la mwanamume nililopewa kanisani. Nilikuwa nimesimama gatini nikishika upondo wangu, msimamizi wa mizigo akapita anatafuta mtu. Akaninyooshea kidole. "Wewe kijana, unajua kupima maji?" Nikasema najua. "Jina?" Nikasema Wani. Ilikuwa hivyo tu, haikuchukua muda wa kumeza mate. Nimejaribu sana kukumbuka kama niliogopa ama nilifurahi, na nadhani nilichofikiria ni kwamba nikisema Keji atamwita mwingine, maana wanawake walipanda matishari kama abiria ama waliuza chai gatini, hawakuandikwa kazi. Najiambia kwamba sikumdanganya, yeye ndiye aliyeona kijana. Lakini jina la Wani nililitoa mimi.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Tishari halina injini. Ni sinia kubwa la chuma linalosukumwa na boti kutoka nyuma, na nahodha anakaa huko nyuma juu ya kibanda chake, hatua hamsini, haoni maji yaliyo mbele. Anayeyaona ni mtu mmoja anayesimama puani na ufito mrefu uliopakwa pete nyekundu na nyeupe. Anauchovya, anatazama maji yamefika pete ya ngapi, anaita namba kwa Kiarabu cha Juba. Arba, ni nne, nenda. Talata, tatu, nenda polepole. Itnin, mbili, jihadhari. Wahid, moja, simama. Mafungu ya mchanga katika mto huu yanahama kila mwaka, hakuna ramani, hakuna mzee anayeyajua. Kuna sauti tu. Nahodha wetu alikuwa mtu mzima sana, mwenye kikohozi, na jioni ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mimi nina macho mawili na yote yako kwako." Nililipenda neno lile. Kwa mara ya kwanza maishani nilifungua mdomo na chuma kizito namna ile kikageuka upande niliosema.

Kujificha hakukuwa kugumu kama watu wanavyodhani. Nilijifunga kitambaa kifuani, nikavaa koti hata kwenye joto, nikaongea kidogo. Vitambaa vya mwezi nilifua alfajiri upande wa boti wenye mafuta, ambako hakuna aliyependa kukaa. Kigumu kilikuwa kucheka. Nikicheka sauti ilikuwa ikipanda, kwa hiyo nilijifunza kucheka kwa mabega.

Jada nilikutana naye gatini, kwenye banda la chai. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mpole, anavaa shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Pamoja naye alikuwa Mogga, jitu lenye mikono mirefu lililokulia kambini Uganda na lisilojua kunyamaza. Tulikunywa chai mara tatu nne kabla Jada hajasema chochote. Kisha siku moja akaniuliza taratibu, kama mtu anayeomba apewe chumvi, "Wani, ukiita talata mahali pa wahid, nani atajua?"

Nikasema, "Bahar itajua." Ndivyo tunavyouita mto.

"Bahar haina mdomo."

Mogga akagonga meza. "Na huyu kijana iko na mdomo, lakini hapana tumia! Zol gani hii, mwanamume gani, kila siku kimya kama bibi-arusi?"

"Mwache," Jada akasema. "Wani, nitakuuliza mara mbili tu. Hii ni ya kwanza. Ukikataa tutaendelea kunywa chai."

Wiki iliyofuata aliniuliza mara ya pili, nikakubali. Hakunitisha, naandika hilo kwa haki yake. Ningependa pia kuandika kwamba nilikuwa na njaa, lakini nilikuwa nakula. Ukweli, kadiri ninavyouona, ni kwamba nilipofika bandani walikuwa wakisogea kwenye benchi kunipa nafasi bila kutazama, kama watu wanavyompisha mtu wao. Keji hakuwahi kupishwa na mtu hivyo. Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha mtu kuwa haramia. Naiandika kwa kuwa ndiyo niliyo nayo.

Kazi yao ilikuwa ya ajabu kidogo, na nadhani mtu wa mbali hawezi kuielewa. Katika mto huu tishari likikwama, watu wa ukingoni wanakuja na mitumbwi kulipunguza. Ni desturi. Wanashusha mizigo, wanaipanga nchi kavu, chuma kinakuwa chepesi, kinaelea, kinasogea hadi kwenye kina, kisha mizigo inarudishwa na wapunguzaji wanapewa chakula na gunia la kitu. Kila abiria anaijua desturi hiyo na anaishukuru. Jada na watu wake walikuja kama wapunguzaji. Bunduki walikuwa nayo moja, haina risasi, na waliiacha kambini. Walikuja wakiimba, wakasema pole, wakashusha, na mwenye mzigo mwenyewe akawa anawanyooshea: hili kwanza, lile taratibu. Mara ya kwanza mfanyabiashara wa sabuni na sukari alimpa Mogga pakiti nzima ya sigara kwa uungwana wake. Mitumbwi ikaingia kwenye mafunjo, ikakata kona, na haikurudi tena. Mimi nilibaki juu ya tishari pamoja na walioibiwa, nikishika ufito wangu, nikitikisa kichwa kama wao. Nahodha akasema, "Malesh, poleni, bahar imetushinda." Aliulaumu mto. Hakunilaumu mimi hata siku moja.

Safari zikikosekana nilikaa nao kambini, kisiwa cha mchanga katikati ya mafunjo, siku mbili na nusu kwa tishari kuteremka mto kutoka Juba. Tulikuwa sita katika tukul moja, kibanda cha udongo na nyasi, paa limekaa upande, mikeka imebanana kama dagaa. Jioni walioga mtoni wote pamoja wakimwagiana maji na kutukanana, na mimi nilisema nina nadhiri ya kanisa, siogi mbele za watu. Mogga akaifanya hiyo hadithi ya kila siku. "Wani anaoga kama askofu! Fungueni njia, askofu iko naenda kuoga!" Nilipenda hata ule utani. Tulikula samaki wa kuchoma na asida, ugali wetu, na baada ya kula Jada alikuwa akisema sheria zake, hata kama kila mtu alizijua: hatumpigi mtu, hatugusi sufuria ya mtu, hatugusi kitanda cha mtu. "Nimelala chini patupu miaka tisa," alisema. "Mchukulie mtu sukari yake, atalia, atanunua nyingine. Ukimchukulia pa kulala umemfanya mkimbizi." Leo nikifikiria, mtu anayeiba na kutoa mahubiri anachekesha. Lakini sheria hiyo aliishika, nami niliona akiwarudisha watu kwa mtumbwi usiku kupeleka godoro moja lililochukuliwa kwa makosa.

Februari, maji yakiwa chini kabisa, tulipakia familia za waliokuwa wanarudi vijijini kuelekea Terekeka. Barabara ilikuwa bado na mabomu ardhini, hivyo walipanda tishari na kila walichokuwa nacho. Kati yao alikuwa Kiden, na Poni mgongoni, mabati thelathini, mbegu za mtama magunia mawili, na mama yake mzito wa masikio, mgonjwa, ambaye alitaka jambo moja tu: afie kwao na azikwe mbele ya nyumba yao. Na milango miwili ya buluu. Mama mzee aliing'oa mwenyewe kutoka nyumba yao ya uhamishoni, hakukubali ibaki, kwa sababu kwenye mmoja alikuwa amepigilia kizibo kwa kila mjukuu aliyezaliwa huko. Walipanga magunia, wakaweka milango juu, wakatandika blanketi, na juu yake akalala mama mzee, akitazama mbingu kama mtu aliyefika.

Kiden alikuwa akiuza chai gatini kabla sijaugua, na mboga za chakula chake alinunua kwangu. Siku ya pili aliniletea kikombe puani, akatazama mkono wangu ulipokipokea, akatazama kovu la panga hapa kwenye kidole gumba.

"Keji?"

"Wani," nikasema.

"Wani gani? Wewe ndiye uliyeniuzia sukuma iliyooza."

"Haikuoza."

"Ilikuwa imeoza, Wani!" Akashika mdomo asicheke kwa sauti. Tulisimama pale tukitikisika kama wendawazimu, mimi kwa mabega. Halafu akasema, "Simwambii mtu. Wallahi umefanya vizuri. Mimi naogopa hii mto, siku mbili sijafumba macho. Sasa nikijua ni wewe uko mbele, nalala." Na alilala kweli. Nilimwona baadaye, mgongo kwenye magunia, mdomo wazi, Poni kifuani.

Kesho yake mchana tulifika kona ambako Jada na watu wake walikuwa wakisubiri. Nilichovya ufito. Maji yalifika pete moja na nusu. Naweza kuona mpaka leo rangi nyekundu ilivyokuwa imebanduka mahali pale. Kushoto kulikuwa na kina. Ningeita wahid, nahodha angesimama, angepinda kushoto na tungepita, na baadaye, bandani, Jada angeniuliza kumetokea nini, nami ningesema mchanga umehama. Angeamini. Najua angeamini. Nikaita talata. Sauti yangu ilitoka safi. Chuma kikapanda juu ya mchanga polepole, bila kishindo, kama ng'ombe anayelala.

Wakaja wakiimba. Kiden alikwenda ukingoni mwa tishari kuhesabu mabati yake yakishuka, na kila bati likishuka alisema asante. Mimi nilikuwa karibu na mama mzee. Mogga akafika, akapapasa mlango kando ya miguu yake. "Mbao safi hii. Ya zamani." Jada akaja nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama amelala hapo. Acha."

"Lakini hii si kitanda. Kitanda iko na miguu. Hii mlango."

"Analalia."

"Hata mimi kesho nalalia gunia ya sukari, halafu useme ni kitanda?" Wawili waliokuwa karibu wakacheka. Jada hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka jambo liwe sawa. Akanigeukia.

"Wani, wewe umesafiri nao. Ni kitanda ama ni mlango?"

Nimeukumbuka muda huo mara nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mogga alikuwa akinitazama huku anatabasamu, na wiki ile ile alikuwa ameniambia nina moyo wa kike kwa sababu nilimsikitikia mfanyabiashara mmoja. Nilidhani nikisema kitanda wataniona, watatazama chini ya koti na kuona yote. Pengine haikuwa hivyo. Pengine wangesema haya, kitanda, na kuendelea. Na pengine sikuogopa kabisa, bali nilitaka tu niwe mwenzao kuliko nilivyotaka kuwa kitu kingine. Kila nikijiuliza napata jibu tofauti. Neno lenyewe halibadiliki.

"Ni mlango," nikasema.

"Kalas, imekwisha," akasema Jada. Nami ndiye niliyemwinua mama mzee, kwa sababu nilikuwa karibu. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu. Alinishika shingo kwa mikono yote miwili, akadhani namhamisha kumtoa kwenye jua, akaniambia, "Asante, mwanangu. Mungu akupe mke mwema." Nikamlaza juu ya chuma.

Jioni watu walianza kuelewa. Kwanza walisema wapunguzaji wanapumzika. Kisha wakasema labda wamepotea njia. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, na kila mtu akajua. Kiden hakulia. Alikuja kwangu akanishika mkono, akasema, "Si kosa lako. Bahar imekudanganya." Maji yalizidi kushuka, chuma hakikuelea hata baada ya kupunguzwa, tukakaa pale siku nne. Mchana chuma kiliungua, usiku kilikuwa kama barafu, nami nilimvua Wani koti lake nikamfunika mama mzee, na tangu hapo sikulivaa tena. Tishari lililokuwa likipanda Juba likatuchukua. Bila mabati na bila mbegu hapakuwa na kijiji cha kwenda. Niliwaleta kwenye chumba nilichopanga hapa Mauna, nikavaa gauni, nikawa Keji. Mama mzee alikohoa wiki tatu. Alikuwa akiuliza, "Milango imefika?" na Kiden alikuwa akimwambia imefika, mama, iko nje. Tulimzika hapa mjini, kwenye makaburi ya watu wasiojuana. Watu wa kanisa walisema nilivyowahudumia wageni ni mfano, na Kiden amelirudia hilo kwa miaka yote: kwamba Mungu alimnyang'anya vitu akampa dada.

Jada nilimwona tena baadaye, sokoni Mauna, nikiuza nyanya, nimevaa gauni la maua na kitambaa kichwani. Alisimama. Akachagua nyanya nne, akasema, "Wani, habari ya siku?" bila kushangaa, kama mtu aliyejua zamani. Sijui alijua tangu lini. Akasema, "Mlango mmoja tuliuza. Mwingine sikuweza," akaenda. Sikumwita anieleze. Kisha kwa miaka nikawa namsalimia njiani, naye ananisalimia. Aliacha mto, akafungua duka la misumari na rangi. Hakuwa mtu mwema sana wala mbaya sana. Lakini siku ile aliuliza. Alikuwa tayari kuacha. Hilo ndilo Kiden hajui anapomlaani, na hapa mjini anayelijua ni mimi peke yangu, maana Mogga amekufa zamani, na wale wawili waliocheka sijui waliko.

Nilipoandika mpaka hapa, niliweka kalamu chini, nikatoka. Kiden alikuwa akichambua kudra, ule mlenda wetu, majani kwenye ungo mapajani. Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikasema, "Kiden, usimlaani tena Jada."

"Kwa nini? Ni shemeji yako?"

"Nilikuwa mmoja wao."

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Jani, kijiti, jani, kijiti. "Wewe ulikuwa mbele na ufito."

"Ndiyo."

"Maji yalikuwa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Ukaita ngapi?"

"Talata."

Nikamweleza na hilo jingine, nikalisema lote, alivyouliza Jada, na Mogga, na neno langu. Sikusema niliogopa, maana sina hakika, na hata kama niliogopa lilikuwa jambo langu, si lake. Nilipomaliza aliuliza tu, "Yeye aliuliza?"

"Aliuliza."

"Mama alikuwa anasikia?"

"Hapana. Alinishukuru."

Akaweka ungo chini. Alinitazama muda mrefu, na sikujua anamtazama nani kati ya wawili wale, Wani ama Keji. "Mimi nililala, Keji," akasema. "Siku ile nililala kwa sababu ni wewe." Kisha akainuka, akachukua ungo wake, akaenda jikoni. Nilisubiri anifukuze. Nilianza hata kufikiria nguo zipi nichukue. Hakunifukuza, wala hakuniita. Nilisikia akiponda majani, nikasikia akikoroga, nikabaki pale kwenye udongo kwa sababu sikuona mahali pengine ambapo ningekuwa na haki ya kukaa.

Poni alirudi kutoka hotelini na viatu mkononi, akatutazama. "Aki mathe, kuna nini? Anti, mbona unakaa chini hivyo, mmekosana ama?"

"Nawa mikono," mama yake akamwambia.

Katika ua huu hatujawahi kula vyombo mbalimbali. Sinia moja, mikono mitatu, tangu Poni alipokuwa akilishwa. Leo Kiden aliweka sinia mbele yake na Poni, akarudi ndani, akatoka na sahani ya kioo yenye maua, ile inayotolewa akija mchungaji, akaniwekea mbele yangu pamoja na maji ya kunawa. Asida ya mtama, kudra iliyopikwa na samaki mkavu, na juu yake kipande cha katikati cha samaki, kisicho na miiba mingi, ambacho kwetu hupewa mgeni. Nilikula chote.